Acheni kukata springi

Nimekaa kimya karibu mwezi mzima. Kazi ilinibana, halafu gari likanichukulia wikendi zote zilizobaki. Leo sina habari za programu. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu springi.

Pita Jumamosi kwenye gereji za jua kali hapa Nyeri, hutakosa kuona Subaru Impreza iko juu ya jeki na fundi ameshika grinda. Anakata koili moja, wakati mwingine mbili. Gari linashuka, mwenyewe anapiga picha, na anaambiwa, "Boss, sasa hii itashika kona vile inafaa." Huo ni uongo, na mimi nimeulipia.

Impreza yangu niliinunua springi zikiwa zimeshakatwa. Nikajiona mwenye bahati. Miezi miwili baadaye nilikuwa natoka Othaya na mama yangu, mvua inanyesha, nikaingia kona ya kushoto ambayo lami yake imebonyea katikati. Mwendo ulikuwa wa kawaida tu. Nyuma ikabonyea hadi mwisho, tairi zikaruka, na gari likateleza hadi upande wa wanaokuja. Kwa neema ya Mungu hakukuwa na mtu anayekuja. Mama hakusema neno mpaka tulipofika mjini. Hapo akaniuliza, "Kwani hili gari ni zima?" Sikuwa na jibu.

Haya, twende kwa hesabu. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya koili zinazofanya kazi. Zikiwa 6 ukakata 1, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Utasema, si hiyo ndiyo tunataka? Ngoja kwanza. Shoki iliyoko ilitengenezewa springi ya awali. Hii mpya inarudi kwa nguvu ambayo shoki haiwezi kuituliza, ndiyo maana gari linadundadunda. Pia umepunguza nafasi iliyobaki kabla ya kugonga ile raba ya mwisho. Ukiigonga katikati ya kona, springi haina kazi tena: pigo lote linaenda kwa tairi mara moja, na tairi linaachia barabara.

Najua mtanijibu kwamba magari ya mbio huteremshwa. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba uzito ukikaa chini unasaidia kwenye kona. Lakini magari hayo hukimbia kwenye lami laini kama meza, na hupewa springi fupi pamoja na shoki zake, na pembe za amu zikarekebishwa. Impreza ya kawaida ukiishusha sana, amu za chini zinaelekea juu upande wa gurudumu. Hapo ile sehemu ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka haraka kuliko bodi yenyewe. Yaani umeshusha gari ili lisilale, kumbe umelipa nguvu zaidi ya kulala!

Na hili jina la Subaru lilitoka wapi hapa kwetu? Safari Rally. Patrick Njiru alimaliza wa 4 mwaka 1994 akiwa na Impreza. Colin McRae alishinda mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza. Magari hayo yaliinuliwa juu na kuimarishwa chini, kwa sababu timu ziliiangalia barabara kwanza. Sisi tunaopita matuta ya Karatina na Naro Moru kila wiki ndio tunashusha. Jamani!

Mimi nilifanya kile ambacho kazi ya programu imenifundisha: badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uguse kingine. Kwanza nilirudisha springi na shoki za kiwandani. Kisha upepo wa tairi, asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha bushi zilizochakaa. Kisha alaimenti, na nikadai karatasi ya vipimo badala ya kuambiwa "iko sawa." Kila badiliko nililijaribu barabara ile ile, mjini hadi Mweiga, mwendo ule ule halali, nikaandika kwenye daftari. Mwisho nikaweka fimbo nene zaidi nyuma, ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kwa sababu Impreza hupenda kusukuma pua nje ya kona. Sasa inaingia ninapoielekeza.

Hakuna la ajabu hapo. Bushi na alaimenti ni rahisi kuliko rimu mnazonunua. Ila hazionekani kwenye picha, na nadhani hapo ndipo shida ilipo.

Kazini nikiharibu msimbo, narudisha toleo la jana. Springi iliyokatwa haina toleo la jana, ni kununua nyingine tu.

Kama unataka gari la picha, sema hivyo na hatutagombana. Lakini usiniambie linashika kona. Na kabla hujambeba mama yako siku ya mvua, rudisha springi.

Wiki ijayo tunarudi kwa kompyuta.