Kuutetea Waya

Katika miji ya Busia na Malaba, kijana aingiapo shule ya sekondari huambiwa neno moja: "Sasa umekuwa mtu mzima, tupa waya." Hulisema baba, hulisema mjomba aliyemnunulia sanduku la shule, na asiposikia, mwalimu wa zamu hulikamilisha kwa fimbo au kwa moto. Nakusudia kulikana neno hilo. Nathubutu kusema kwamba kijana hutupishwa waya wakati ule hasa ambapo akili yake imeanza kukomaa kiasi cha kuutumia vyema, na kwamba sisi watu wazima tunaomshurutisha tunaharibu kitu tusichokijua thamani yake.

Msomaji asiyepata kufika mpakani huenda akauliza ni waya gani huo. Malaba na Busia ni milango miwili mikubwa ya Kenya ya kuendea Uganda. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo ya mashariki hupita hapo usiku na mchana. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi mahali pamoja na safari ziwe fupi. Hata hivyo foleni haijasahaulika. Mwezi wa Mei mwaka 2020, madereva walipokuwa wakingojea majibu ya vipimo vya korona, safu ya malori ya Malaba ilinyoka makumi ya kilomita. Mtoto aliyelelewa kando ya barabara hiyo huyajua malori kama mtoto wa Lamu ajuavyo majahazi. Basi naye huunda yake. Seng'enge iliyonyooshwa kwa jiwe huwa uti wa gari, bati la mkebe huwa kichwa, ndara kuukuu hukatwa zikawa magurudumu, au vizibo vya soda hupangwa viwili viwili, na vipande vya tyubu ya baiskeli huwa springi. Waya mrefu wenye duara juu huwa usukani, na mwenye gari huliendesha akitembea wima nyuma yake.

Shtaka la kwanza juu ya kazi hiyo ni kwamba ni mchezo wa watoto. Nalijibu kwa ungamo, maana mimi mwenyewe nilishtaki, nikahukumu na kuitekeleza hukumu kwa siku moja.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja isiyo mbali na mpaka. Mvulana wa kidato cha tatu, mmoja wa wale wachache waliokataa kutupa waya, alikutwa na lori la mafuta chini ya dawati lake wakati wa kipindi changu. Tangi lilikuwa la mikebe iliyoungwa pamoja na kupakwa rangi nyeupe. Nililitwaa, nikaliweka sakafuni nikalikanyaga mbele ya darasa. Wanafunzi walicheka, nami nikaona nimetenda jema. Tangi likapasuka. Ndani yake mlikuwa na kuta tatu za bati, zimekatwa duara na kukazwa kwa lami, mahali ambapo jicho la mtu lisingefika kamwe. Nikamwuliza kwa ukali kuta hizo ni za nini. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba dereva mmoja alimweleza hivi: tangi lisipogawanywa vyumba, mafuta hukimbilia mbele lori lishikapo breki. Somo nililokuwa nimeliandika ubaoni siku ile lilihusu tabia ya kitu kilicho katika mwendo kukataa kusimamishwa. Mimi nililitoa kitabuni. Yeye alikuwa amelijenga kwa bati.

Hakuleta tena gari shuleni. Sikumwomba radhi, kwa kuwa katika shule zetu za siku zile mwalimu hakumwomba mwanafunzi radhi, na baadaye sikumwona tena.

Shtaka la pili ni la wakati: saa zipoteazo katika waya, husemwa, zimeibwa vitabuni. Nakubali kwamba wako wavulana ambao hawafungui daftari mpaka gari liishe, nao wastahili kukemewa. Lakini tazama tunavyojipinga wenyewe. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika Kenya mwaka 2017, wataka mwanafunzi atende kwa mikono yake. Akaagizwa kuleta mfano wa gari. Usiku ule baba na mama hukesha wakikata maboksi na kubandika gundi, mtoto amelala; asubuhi mwalimu humpa baba alama nzuri kwa jina la mwanawe. Mtoto huyo huyo, akionekana jioni na gari aliloliunda mwenyewe bila kuagizwa, hunyang'anywa. Sijapata kumwona mtu awezaye kunieleza jambo hilo bila kucheka.

La tatu hunong'onwa zaidi kuliko linavyosemwa. Wazazi wa mpakani wanaogopa kwamba kijana apendaye malori atapanda moja siku moja, awe utingo, asirudi. Hofu hiyo ina msingi wala siidharau; wako waliokwenda hivyo. Walakini kuliunda lori ni kazi ya mtu anayetulia mahali pamoja, akatazama, akarudi kutazama tena. Aliyekwenda kuwa utingo alivutwa na fedha na safari, navyo vitamvuta hata kama hajapata kushika waya. Nadhani sababu ya kweli ya dharau yetu ni kwamba kitu hiki kimezaliwa kwetu, hakikuja kwa meli. Hata neno boda boda lilizaliwa katika mpaka huu, kwa wenye baiskeli waliokuwa wakipakia watu kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda, na leo linatumika Afrika Mashariki nzima.

Hapo ndipo huinuka mstaarabu wa namna nyingine, akasema: mtoto akitaka vigari, na anunuliwe sanduku la kuunga kutoka ng'ambo, lenye vipande vya plastiki, karatasi ya maelezo, na kipimo cha 1 kwa 24 kimepigwa chapa juu ya kifuniko. Sina ugomvi na sanduku hilo. Hufundisha subira, na kusoma maelezo kabla ya kutenda, adabu ambayo wengi wetu hatunayo. Lakini upimaji wote umekwisha kufanywa na mtu mwingine. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 kwa kupasua mbao, ikaja kuunda vigari na ndege vya mbao, kisha vya plastiki. Katika miaka ya 1970 walipotaka kufanya mfano wa Porsche, mkuu wao alinunua gari zima la kweli likafunguliwa vipande vipande ili wajue lilivyoundwa. Alichofanya mkuu yule ndicho afanyacho mvulana wa Malaba, ila huyu hana gari la kufungua. Hana budi kulifungua kwa macho.

Na wakuu wa shule wasikie habari hii ya London. Mwaka 1952 fundi Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu watoto kuja na vitu vya kuchezea vinavyoenea katika kiberiti tu. Akamfanyia mashine ndogo ya kushindilia barabara, ikaenea. Kutoka hapo vikapatikana vigari vya Matchbox vilivyouzwa dunia nzima. Shule ile iliweka kipimo, haikuwasha moto. (Aidha, aliyefanyiwa mashine ile alikuwa msichana. Mabinti wa Busia wafinyanzi wa udongo wana mikono hodari kupita ndugu zao, wala sijaelewa nani aliwakataza waya.)

Nikiisha kuwatetea wavulana wetu, sina budi kuwalaumu. Wanapima kwa macho tu. Kichwa cha lori huwa kikubwa kama nyumba, trela huwa fupi, na magurudumu huwa mengi kadiri ya vizibo vilivyookotwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imekomesha uzito wa lori na mzigo wake katika tani 56, nao hugawanywa juu ya ekseli. Basi ekseli hazipachikwi ovyo, na fundi asiyezihesabu hajaliona lori. Mwanafunzi wa sekondari ana rula na ana hesabu. Kizibo cha soda kina kipenyo cha milimita 32. Gurudumu la lori kubwa lina kipenyo cha milimita 1,090 hivi. Gawanya: utapata karibu 34. Basi ukichagua kizibo kuwa gurudumu lako, kipimo cha gari zima kimekwisha kuamuliwa, nacho ni 1 kwa 34. Kontena la futi 40 lina urefu wa milimita 12,192, upana wa 2,438 na kimo cha 2,591. Lako litakuwa na milimita 359, na 72, na 76. Kisha livute trela hilo ukate kona kwenye uwanja, uone jinsi magurudumu ya nyuma yanavyopita ndani ya njia ya yale ya mbele. Utajua kwa nini dereva wa Malaba huanza kona kwa kwenda upande wa pili, na kwa nini mwenye baiskeli asijipenyeze hapo.

Vipimo vichukuliwe uwanjani, lori limezimwa na dereva ametoa ruhusa. Kwenda na rula barabarani ni kutafuta mauti, na lori la mafuta lililoanguka halikaribiwi kwa sababu yoyote.

Neno langu la mwisho ni juu ya kuhifadhi. Magari ya waya hukaa chini ya vitanda mpaka siku ya usafi, yakauzwa kwa kilo pamoja na vyuma vikuukuu. Hivyo ndivyo Bedford na Leyland za baba zetu zilivyopotea. Kila shule ya Busia na Malaba ina ukuta unaoweza kubeba rafu moja. Kila gari liwekwe na kijikaratasi: aina ya lori, mwaka lilipoundwa, kipimo, na jina la fundi. Mimi nimekwisha kupeleka la kwanza katika rafu ya shule nifundishayo sasa. Ni lori la mafuta, nililoliunda mwaka jana kwa mikono isiyozoea, na rangi yake nyeupe imechuruzika. Kuta za ndani ni tatu.