Mwongozaji wa tamthilia na wajibu wa nyumbani

Kuongoza tamthilia ni kazi ya miezi kadhaa, ingawa mtazamaji huiona kwa saa mbili tu. Mwongozaji husoma andiko, hukaa na wabunifu wa mandhari, maleba na taa, kisha huchagua waigizaji. Baadaye huja mazoezi, mazoezi ya kiufundi na onyesho la kwanza. Anayelea mtoto mdogo, au anayemuuguza mzazi, hubanwa kwa namna tofauti katika kila hatua.

Maandalizi yana nafasi kubwa zaidi ya kupangwa, kwa kuwa sehemu yake nyingi hufanyika nyumbani, hata usiku mtoto akishalala. Kinachobana hapa ni fedha. Mwongozaji wa kujitegemea hulipwa kwa onyesho, mara nyingi kwa awamu, na sehemu ya malipo husubiri hadi pazia lifunguliwe. Dada wa kazi na kituo cha kulelea watoto wanadai kila mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wengi hushika maonyesho mawili au matatu kwa wakati mmoja, na muda uliotakiwa kubaki kwa familia ukaliwa.

Mazoezi huleta mgongano wa saa. Nairobi na Dar es Salaam, makundi mengi hufanya mazoezi jioni na mwisho wa juma, kwa sababu waigizaji wana kazi nyingine mchana. Saa ya kuanza mazoezi ndiyo saa ya mtoto kuoga, kula na kusaidiwa kazi za shule. Makundi ya Kenya yanayoigiza vitabu teule shuleni hufanya kazi mchana, lakini husafiri kaunti hadi kaunti, na mwongozaji anayesafiri nayo hulala mbali na nyumbani.

Hatua ngumu kuliko zote ni mazoezi ya kiufundi. Katika siku hizo chache ndipo taa, sauti, mandhari na waigizaji hukutanishwa kwa mara ya kwanza. Mwigizaji huingia kupitia mlango wa kushoto, husimama, husubiri fundi asogeze taa, hurudi nyuma na kuingia tena. Dakika moja ya tamthilia inaweza kumaliza nusu saa. Mwongozaji huketi gizani katikati ya ukumbi, mbele yake daftari na kitaa kidogo, na kila swali huishia kwake. Simu ikileta habari kwamba mtoto ana homa au bibi ameanguka bafuni, hakuna mwenye mamlaka ya kuendelea bila yeye, isipokuwa pawe na mwongozaji msaidizi aliyepewa mamlaka hayo mapema.

Sheria za kazi zipo, ila zinamfikia mwajiriwa tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na angalau siku 3 kwa baba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Mwongozaji anayelipwa kwa onyesho hubaki nje ya kinga hiyo. Uingereza mama aliyejiajiri anaweza kupata posho ya uzazi ya serikali kwa hadi wiki 39, lakini baba aliyejiajiri hana posho kama hiyo.

Hali hii inaonyesha umuhimu wa ajira ya vyuo vikuu katika sanaa ya jukwaa ya Afrika Mashariki. Amandina Lihamba aliongoza na kuandika tamthilia akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rose Mbowa alifanya hivyo Makerere. Mshahara wa kudumu na likizo ya kisheria ni msingi ambao kundi dogo la mtaani haliwezi kumpa mwongozaji wake. Nafasi hizo ni chache, na anayezikosa hubebwa na bibi, shangazi au jirani. Msaada huo ni hazina, lakini nao una kikomo: bibi anayelea wajukuu leo huenda kesho akahitaji kuuguzwa yeye, na ugonjwa haufuati ratiba ya onyesho.

Nchi nyingine zimeanza kurekebisha mazoea ya kumbi zenyewe. Uingereza, mwigizaji Cassie Raine na mwongozaji Anna Ehnold-Danailov walianzisha PiPA, shirika la wazazi na walezi katika sanaa za maonyesho, linaloshirikiana na kumbi kubadili namna ya kuajiri na kupanga kazi. Marekani, kanuni zimeruhusu kwa miaka mingi siku za mazoezi ya kiufundi zenye saa 10 za kazi ndani ya saa 12. Baadhi ya kumbi, ukiwemo wa Playwrights Horizons wa New York, zimeachana na siku hizo.

Mengi ya kufanywa hapa hayahitaji fedha. Ratiba ya mazoezi itolewe wiki kadhaa kabla, ili mlezi apange nani atabaki na mtoto au mgonjwa. Matukio yapangwe ili kila mwigizaji aitwe kwa saa anazohitajika tu, na mazoezi yaishe kwa saa iliyotangazwa. Mwongozaji msaidizi apewe mamlaka ya kweli, na pale inapowezekana waongozaji wawili wagawane onyesho moja. Ukumbi uulize mahitaji ya ulezi wakati wa kuandika mkataba, kwa mama na kwa baba vilevile, maana anayeulizwa mapema hahitaji kuficha mtoto wake ili apate kazi.

Yanayohitaji fedha yaandikwe kwenye bajeti. Wafadhili wa sanaa wamezoea kulipia usafiri, maleba na matangazo. Gharama ya malezi nayo iwe na mstari wake, pamoja na malipo ya miezi ya maandalizi.