Manati ya mtoto ni yako wewe mzazi

Leo sizungumzii mbolea wala mbegu. Nazungumzia mtoto wako, na naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Msimu huu niliitwa kijiji kimoja huku Misungwi kuangalia mahindi. Viwavijeshi vamizi walikuwa wameyala hadi moyoni. Tukiwa shambani, kijana wa mwenye shamba, miaka kama minane, alikuwa pembeni na wenzake wamemzunguka chura. Wanampiga kwa vijiti, mmoja katumwa nyumbani akalete chumvi wammwagie. Nikauliza, vipi jamani? Baba akacheka: "Achana nao bwana shamba, watoto hao wanacheza." Kisha akaendelea kuniuliza dawa ipi ni kali zaidi.

Mimi sikucheka. Chura yule anakula wadudu usiku kucha na hajawahi kumdai mtu hata shilingi mia. Baba anatafuta hela ya dawa, mtoto anamuua kibarua wa bure, na wote wawili wanaona ni sawa.

Yangeyange wanaofuata ng'ombe wako wanadonoa panzi wanaorushwa na kwato, na ndio hao wanaopigwa manati. Manati yenyewe, nani alimkatia mtoto mpira wa tyubu? Kinyonga tumewaambia ana mkosi, basi wanampiga mawe. Bundi tumewaambia ni wa wachawi, wanamuua, halafu panya wakitoboa magunia ya mpunga tunakimbilia dukani kununua sumu. Mkosi wa kweli ni huo!

Najua utasema: mtoto wa mkulima asilelewe legelege, atachinja kuku, ataua nyoka. Sikatai. Mchukue shambani umwonyeshe mayai ya viwavijeshi chini ya jani, ayaponde kwa vidole. Hiyo ni kazi na mimi mwenyewe naifundisha. Akikua mfundishe kuchinja kwa kisu kikali, mara moja, kuku asiteseke. Nyoka asimsogelee kabisa, akuite wewe. Lakini kumtesa kiumbe ili watu wacheke si ushupavu. Anayezoea kucheka kilio cha kifaranga leo, kesho utamkabidhi ndama, na baadaye mdogo wake.

Na watoto wanaiga. Hapa nawageukia wafanyabiashara wa kuku, mnisamehe. Asubuhi nakutana na baiskeli zinazokwenda mjini Mwanza, kuku wamefungwa miguu, vichwa chini, vumbi na jua. Mtoto anayekwenda shule anaona. Kuku akining'inia hivyo matumbo yanamkandamiza mapafu, anahema kwa shida, na wengine wanafika wamekufa. Hasara ni ya nani? Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, inakataza ukatili huu, ila sitaki kukutisha kwa sheria. Suka tenga pana la fito, lenye hewa, usiwajaze kupita kiasi, wape maji kabla ya safari. Kuku aliyefika mzima ana bei.

Kwa wazazi, nashauri jambo moja tu, nimeliona likifanya kazi. Mpe mtoto tetea mmoja awe wake kweli. Yeye ndiye amwekee maji asubuhi, amfungie bandani jioni, amshike siku ya chanjo ya mdondo. Mayai yakiuzwa, apate daftari lake. Usimnyang'anye kuku huyo mgeni akija! Hapo wazazi wengi mnaharibu.

Yule kijana wa Misungwi nilimwita tukamgeuza chura kwa jani, nikamwonyesha mdomo wake ulivyo mpana na jinsi anavyonasa wadudu kwa ulimi. Akaniuliza kama anaweza kumhamishia kwenye mchicha wa mama yake. Nikamwambia ampeleke, ila jioni, jua likishapungua.