Mama Hanunuliwi
Kuna hoja iliyochapishwa karibuni kwamba istilahi za sarufi humchosha bure mgeni anayejifunza Kiswahili. Eti mtoto wa Pemba hakufundishwa "kauli ya kutendea". Kweli, hakufundishwa. Alisahihishwa na nyumba nzima, kutwa, miaka nenda miaka rudi. Mgeni ana saa mbili kwa wiki.

Mgeni huyo husema "nimemnunua mama kanga", na wenyeji wakaangua kicheko: mama naye yuko sokoni? Mwalimu akishataja kutendea, yaani kumfanyia mtu jambo, nunua huzaa nunulia, pika huzaa pikia, soma huzaa somea. Dakika tano, tena pamoja na mapumziko ya chai.

Na kamusi je? Asiyejua viambishi atasaka "hajaja" kwenye H mpaka taa izimwe. Kitenzi kimekaa kwenye J: ja.