Mbio za baiskeli: anayemfungulia mshindi njia naye ahesabiwe

Tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2021, katika mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, Mwingereza Mark Cavendish alishinda hatua yake ya 34 ya Tour de France. Siku hiyo alifikia rekodi ya Eddy Merckx wa Ubelgiji, iliyodumu tangu miaka ya 1970. Jina la Cavendish lilienea dunia nzima. Ni wachache waliouliza nani alikuwa wa pili. Alikuwa Michael Mørkøv wa Denmark, mwenzake wa timu moja, yule yule aliyemvuta mpaka mita za mwisho na kumwachia njia. Hata baada ya kumaliza kazi hiyo, hakuna mpinzani aliyempita.

Mørkøv amestaafu bila kushinda hatua hata moja ya Tour de France. Kwa maoni yangu, mchezo huu hauwatendei haki watu kama yeye.

Kwa wale wasiofuata sana mbio hizi, kazi yenyewe ni hii. Katika baiskeli adui wa kwanza ni upepo. Anayekaa mbele anaupasua kwa nguvu zake. Anayejificha nyuma ya gurudumu lake anatunza nguvu nyingi. Hatua ya tambarare inapokaribia mwisho, timu hujipanga mstari mmoja. Kila mtu anavuta kwa zamu mpaka achoke, kisha anapisha pembeni. Anayebaki mbele ya mkimbiaji wa kasi ndiye mfungua njia. Anakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa, anachagua upande wa barabara, anapima upepo, anapenya katikati ya viwiko vya wapinzani, na zikibaki kama mita 200 anajitoa. Watangazaji wa Kifaransa wanamwita « poisson-pilote », yaani yule samaki mdogo anayetangulia papa.

Sasa tuangalie anachopata. Mshindi wa hatua ya Tour de France anapata euro 11.000, na kwa desturi pesa za zawadi hugawanywa ndani ya timu. Hapo hakuna lawama kubwa. Tatizo ni pointi. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, linampa mshindi wa hatua pointi 210, na timu 18 za daraja la kwanza hupata leseni zao za miaka mitatu kwa kuhesabu pointi za waendeshaji wao. Mfungua njia aliyejitoa na kumaliza wa 40 hapati kitu. Siku mkataba wake unapokwisha, anakaa mbele ya meneja na karatasi yenye sufuri, wakati aliyemfikisha kwenye ushindi ana karatasi iliyojaa.

Kuna watakaosema kwamba analipwa mshahara, na kwamba wakubwa wa timu wanajua thamani yake. Ni kweli kwa wale wenye jina. Mwaka 2023 Jasper Philipsen wa Ubelgiji alishinda hatua nne na jezi ya kijani, akivutwa na Mathieu van der Poel wa Uholanzi, ambaye mwenyewe hakushinda hatua hata moja katika Tour hiyo. Lakini van der Poel alikuwa ameshinda Milano-Sanremo na Paris-Roubaix mwaka ule ule, na mwezi uliofuata akawa bingwa wa dunia. Yeye anaweza kufanya kazi ya kujitolea bila kupoteza chochote. Kijana asiye na kombe hawezi.

Wengine watasema ni vigumu kujua nani hasa alifungua njia. Nawajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2010, huko Bourg-lès-Valence, Mark Renshaw wa Australia, akimfungulia njia Cavendish huyo huyo, alimpiga kichwa mara kadhaa Julian Dean wa New Zealand. Waamuzi waliangalia picha na kumfukuza Renshaw kwenye Tour siku hiyo hiyo. Cavendish alibaki na ushindi wake. Kumbe mfungua njia anaonekana vizuri anapokosea! Kama kamera zinatosha kumwadhibu, zinatosha pia kumwandika anapofanya kazi safi.

Ninachopendekeza si kikubwa. Katika mpira, anayetoa pasi ya goli anaandikwa karibu na mfungaji, na hakuna anayesema mfungaji amepunguziwa heshima. Matokeo ya kila hatua inayoamuliwa kwa kasi yaonyeshe jina la mwenzake aliyemtoa mshindi, na UCI impe sehemu ndogo ya pointi, hata moja ya kumi.

Jambo hili linatuhusu na sisi. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na milima ya kule haikuwapa wakimbiaji wa kasi nafasi. Lakini mwaka mmoja kabla yake, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Tangu hapo vijana wengi wa Afrika wanaota kuwa Girmay. Ni ndoto nzuri. Ila wengi watakaobahatika kufika Ulaya wataanza kama wasaidizi: kuleta maji, kukinga upepo, kuvuta mwenzao. Kama kazi hiyo haiandikwi popote, watarudi nyumbani baada ya miaka miwili, na watu watasema walishindwa.

Mtu yeyote wa Goma aliyeona chukudu yenye mzigo ikipandishwa kilima anajua kwamba macho hukaa kwa anayeshika usukani, lakini wapo wanaosukuma nyuma. Safari hii wanaofanya kazi wako mbele, machoni pa watu wote, na bado hatuwaoni. UCI ianze kuwaandika.