Babu Wamo Daftarini, Bibi Wako Wapi?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Garsen ameketi barazani baada ya sala ya alasiri, daftari mkononi, akimwuliza mzee jina la babu wa babu yake. Mimi nami nina ugonjwa huo kwa miaka mingi, na sitaki kupona. Lakini daftari nyingi nilizoonyeshwa zina kasoro moja. Ni fulani bin fulani bin fulani, mpaka tufike ng'ambo ya bahari kwa watu watukufu. Mwanamke hayumo hata mmoja. Utadhani wazee wetu walizaana wanaume kwa wanaume!

Nisijitoe. Nilikuwa nimeandika majina saba ya upande wa baba, nikayasoma kwa majivuno mbele ya shangazi yangu. Alicheka. "Na mamake babu yako, mwanangu, nani kamzaa? Ama aliokotwa?" Kumbe bibi huyo alikuwa Mworma. Kila kiangazi ndugu zake walikuwa wakiteremka na ng'ombe kufuata malka, yaani njia ya mifugo kufikia mto, na walilala uani kwetu kwa wajomba. Sikuwa nimeandika hayo kwa kuwa sikuwahi kuuliza.

Jambo hili si mchezo wa wazee kwetu. Agosti 1912 haikumbukwi na mtu, lakini Agosti 2012 twaikumbuka sote: watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, na mwezi uliofuata wengine wengi Kilelengwani. Huyu Mpokomo, yule Mworma, kana kwamba mstari uliochorwa baina yao haujapata kuvukwa na bibi harusi. Sisemi daftari lingezuia panga. Nasema anayeandika nasaba ya upande mmoja anausaidia mstari huo, hata kama hakukusudia.

Basi bibi watafutwe vipi? Karatasi za serikali hazitoshi. Kipande, kilichoanza kutumika mnamo 1920, kilikuwa cha wanaume. Wanawake wa Kenya waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978 tu. Bibi aliyefariki kabla ya hapo aghalabu hana karatasi hata moja ya serikali. Lakini huenda ana cheti cha ndoa cha kadhi, nacho ni hazina, kwa maana hapo jina la bibi harusi limeandikwa pamoja na baba yake. Tazameni pia karatasi za mirathi, kwani binti ana fungu lake na hapana budi atajwe. Tena kuna kurasa za mwanzo za misahafu ya zamani, ambako wazee waliandika vizazi. Tarehe zake ni za Hijria, nao mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo msitoe hesabu moja kwa miaka yote. Mwaka 1339, kwa mfano, ulianza Septemba 1920.

Yaliyobaki yako masikioni. Msimwulize mzee alizaliwa mwaka gani. Atawakisia, kama alivyokisia aliyemwandikia kitambulisho. Mwulizeni mafuriko ya 1961 yalipokuja alikuwa akimnyonyesha nani, au wafungwa walipouawa Hola mwaka 1959 alikuwa ameolewa au bado. Waulizeni wawili mbalimbali, wasisikizane. Wakipingana, andikeni kauli zote mbili, na jina la aliyesema kila moja. Jina la kijiji pia lahitaji hadhari: mto Tana huhama, watu wakahama nao, na jina likaenda nao. Kaburi unalolitafuta huenda liko mahali pengine kabisa, au limekwisha chukuliwa na maji.

Atakayeweza kufika Nairobi aende Nyaraka za Taifa akaombe ripoti za wilaya ya Tana River, ambazo zamani ziliandikwa Kipini yalikokuwa makao ya wilaya. Humo hatamkuta bibi yake, lakini atawakuta wakuu wa vijiji, ukame na magomvi ya malisho, na hivyo ndivyo ajuavyo kwa nini bibi alihama. Atafute neno "Galla", kwani ndivyo Waingereza walivyowaita Waorma, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Kuhusu vile vipimo vya mate vinavyouzwa Ulaya na Marekani, sivikatai, ila havitamwambia mtu bibi yake aliitwa nani.

Na mkikuta mtumwa katika ukoo, mwandikeni. Karne ya kumi na tisa, Sultani Ahmad wa Witu, aliyeitwa Simba, aliwapokea watoro wengi waliokimbia mashamba ya pwani, na wajukuu wao wamo katika nyumba nyingi ambazo leo zina shajara ndefu na safi mno. Nimewahi kuombwa na jamaa nifute jina la namna hiyo. Sikulifuta, na mpaka leo jamaa yule hunisalimu kwa shida.

Shangazi ameniambia wajukuu wa ndugu za yule bibi wako hai, na wangali wakiteremka na ng'ombe kiangazi. Kitakapoingia nitakuwa pale malkani na daftari langu na simu ya kunasia sauti, na nimekwisha kutafuta mtu wa kunitafsiria Kiorma, maana cha bibi yetu hakuna aliyetufundisha.