Safari ya treni Ulaya: tiketi yatoa uhuru, visa yadai ratiba

Kila siku mabasi huondoka katika kituo cha Nyabugogo, chini ya mteremko wa Muhima mjini Kigali, yakielekea Kampala na Nairobi. Abiria wengi hawana waraka mwingine mfukoni ila kitambulisho cha taifa. Tangu Januari 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho hicho pekee. Mwenye nauli leo, kesho yuko safarini.

Hali hubadilika pale mkazi wa Muhima anapotaka kuizuru Ulaya kwa treni, peke yake, bila kundi la watalii wala wakala wa kumwongoza. Huyo hulazimika kushika nyaraka mbili zenye tabia zinazopingana: tiketi ya jumla ya reli, inayomwambia aende atakako, na visa ya Schengen, inayomtaka aeleze mapema atakuwa wapi na kwa siku zipi.

Kwa wasioishi Ulaya, tiketi hiyo ya jumla ni Eurail; wakazi wa Ulaya wana yao iitwayo Interrail. Eurail hutumika katika nchi 33. Msafiri hununua idadi ya siku za kusafiri, na katika kila siku hizo hupanda treni nyingi apendavyo. Hata hivyo, uhuru huo una mipaka yake. Treni nyingi ziendazo kasi, zikiwemo TGV za Ufaransa na Eurostar, humtaka mwenye tiketi hiyo akate nafasi ya kiti kabla ya safari na kuilipia kando. Asiyeweka fungu hilo katika bajeti atashangaa njiani.

Visa nayo ina hesabu zake. Ombi hupelekwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Tangu tarehe 11 Juni 2024, ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairejeshwi ombi likikataliwa. Inahitajika pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ushahidi wa malazi, uthibitisho wa fedha za kujikimu, na sababu za kuaminika kwamba msafiri atarudi nyumbani: ajira, masomo, biashara au familia.

Mtego wa kwanza umo katika ramani. Schengen ina nchi 29, nayo orodha yake hailingani na ile ya Eurail. Nchi 7 kati ya 33 zinazopokea tiketi hiyo zimo nje ya Schengen: Uingereza, Ireland, Uturuki, Serbia, Montenegro, Bosnia na Herzegovina, na Macedonia Kaskazini. Tiketi inaweza kumfikisha abiria London kutoka Paris kwa Eurostar, lakini Mnyarwanda anahitaji visa nyingine ya Uingereza, na ukaguzi hufanyika kabla hajapanda treni. Hata akiwa nayo, kama visa yake ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, akishatoka hawezi kurudi Paris kuchukua ndege ya kumleta nyumbani. Ni heri aijue idadi ya maingilio iliyoandikwa kwenye visa kabla hajachora mstari wowote kwenye ramani.

Mtego wa pili ni swali la ombi lipelekwe wapi. Kanuni inasema ombi hupokelewa na nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, aghalabu ile atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi atakayoingia kwanza. Mwenye kulala usiku 8 Ujerumani, 3 Ufaransa na 2 Uswisi hana utata. Lakini anayegawa usiku mmojammoja katika miji 13 huzua maswali, ingawa tiketi yake ya reli inamruhusu kufanya hivyo.

Kwa Wanyarwanda, swali hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 17 Machi 2025, Kigali ilipotangaza kuvunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji na kuwapa wanadiplomasia wake saa 48 kuondoka. Brussels ni mji wenye jamaa wa familia nyingi za Kigali, na pia ni njia panda ya reli za Paris, Amsterdam na Köln. Uamuzi wa kisiasa uliofanywa kwa sababu za vita vya mashariki mwa Kongo umefika hadi kwenye fomu ya mtu anayetaka tu kumsalimu shangazi yake na kupanda treni wiki mbili. Kubadili ratiba kwenye karatasi ili kukwepa kikwazo hicho ni hatari: visa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa, na maofisa wa mpakani wana haki ya kuuliza upya.

Kwa hiyo mpangilio wa manunuzi ndio unaookoa fedha. Ratiba hutangulia, ikiwa na miji miwili au mitatu ya kulala, na treni zitumike kwa matembezi ya kwenda na kurudi. Malazi yachaguliwe yale yanayoweza kufutwa bila gharama. Kisha ombi la visa. Tiketi ya reli ije mwisho, visa ikishabandikwa katika pasipoti, kwani ile ya kwenye simu hununuliwa kwa dakika chache. Ombi likikataliwa, sababu hutolewa kwa maandishi na mwombaji ana haki ya kukata rufaa.

Novemba 2023, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Mwafrika yeyote anaweza kuingia Rwanda bila visa. Mlango wa nyumbani uko wazi, lakini reli bado haijafika: njia ya kutoka Isaka, Tanzania, hadi Kigali imezungumzwa kwa miaka mingi na haijajengwa. Ulaya reli zimeenea kila upande, ila mlango una kufuli. Anayeondoka Muhima hana budi kulipa gharama ya kufuli hilo kwanza, bila hakika ya kufunguliwa, ndipo aanze kuhesabu nauli ya treni.